Siti binti Saad: Binti wa mfinyanzi ambaye nyimbo zake zingali zinaimbwa

MPENZI wa muda mrefu wa muziki hupatwa na mambo mawili kwa mpigo asikiapo kwamba mwimbaji fulani anaandaa albamu ya nyimbo za wakongwe. Kwanza ni furaha, kwa kuwa nyimbo alizozihusudu zitasikika tena. Pili ni wasiwasi, kwa sababu wimbo ukihamia kwenye koo jingine huweza kupoteza roho yake, likabaki jina pamoja na mahadhi matupu.

Kwa wapenzi wa taarab asilia, saa ya namna hiyo iliwadia mwaka wa 2020. Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alikuwa anatoa albamu aliyoipa jina la Siti of Unguja, ambamo aliziimba upya nyimbo za nyanya yake mkuu. Damu ilikuwa ni ile ile na jina ni lile lile. Swali lilikuwa kama wimbo nao ungekuwa ule ule.

Swali hilo halina jibu kwa mtu asiyemjua aliyeziimba kwanza. Watu wengi wa pwani yetu wamelisikia jina la Siti, na baadhi yao wamewahi kuisikia sauti yake kwenye rekodi za zamani zenye mikwaruzo. Walio wachache ni wale wanaojua alikotoka, alichokiimba na sababu za kukiimba. Bila ya habari hizo, nyimbo zake ni kama barua iliyofika salama lakini haina jina la aliyeiandika.

Mtoto wa Fumba

Siti alizaliwa yapata mwaka wa 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar. Asili ya babake, Saad, ilikuwa Unyamwezi, na ya mamake Uzigua, ingawa wote wawili walizaliwa kisiwani Unguja. Walikuwa watu wa kipato cha chini, waliotegemea jembe na ufinyanzi.

Jina alilopewa mtoto huyo halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Wanaodhani kwamba jina ni jina tu hawana budi kuukumbuka wakati wenyewe. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria ya kisiwa hicho hadi mwaka wa 1897. Mtumwa binti Saad alizaliwa katikati ya tarehe hizo mbili, katika jamii ambayo asili ya mtu iliamua ale nini, avae nini na aolewe na nani.

Binti huyo hakuingia shuleni wala hakujifunza kusoma na kuandika. Elimu aliyoipata ilikuwa ya mikono. Alijifunza kufinyanga vyungu, kuvianika na kuvichoma, kisha akavichukua hadi mjini kuvitafutia wateja. Kazi hiyo haikuhitaji mikono na kichwa cha kubebea mzigo peke yake. Ilihitaji pia sauti. Mchuuzi wa vyungu hana budi kusikika na mama aliye jikoni, nyuma ya ukuta na ua, kabla ya kufika mlangoni pake. Mtumwa alitembea akiimba ili kuinadi bidhaa yake, na inasimuliwa kwamba watu walikuwa wakimtambua kwa sauti hata kabla ya kumwona.

Tunaweza basi kusema kwamba chuo chake cha kwanza cha muziki kilikuwa barabara ya kutoka Fumba. Huko ndiko alikojifunza kuipanda sauti bila ya kuchoka na kuitupa mbali bila ya kuipasua.

Ng'ambo ya mji

Mnamo mwaka wa 1911, akiwa na umri wa miaka kama 30, aliliacha shamba na kuhamia mjini. Makao yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga mtaa huo na mji wa mawe. Huko mji wa mawe ndiko walikokaa Sultani, mabalozi, matajiri na wafanyabiashara wakubwa. Ng'ambo walikaa wapagazi, wavuvi, wapishi, mafundi, wafuaji nguo na wale waliokuwa watumwa jana na juzi. Hapo ndipo waliposukana watu wa asili nyingi, wakawa wanajifunza kujiita Wazanzibari.

Muziki wa taarab ulikuwapo tayari. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 hadi 1888, alileta wanamuziki kutoka Misri na kumtuma Mohamed Ibrahim huko ili ajifunze kupiga ala. Mwaka wa 1905 kiliundwa kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho kingali hai hadi leo. Lakini taarab hiyo ilikuwa ya wanaume, iliimbwa kwa Kiarabu, na ilichezwa kwenye kasri na nyumba za wakubwa. Watu wengi waliopata bahati ya kuisikia walifurahia mahadhi bila ya kuelewa maneno.

Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa Nadi Ikhwan Safaa, ndiye aliyeitambua hazina iliyokuwa kooni mwa mwanamke huyu. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala na akamfundisha nyimbo za Kiarabu. Kwa kuwa hakujua kusoma, Siti alizihifadhi nyimbo hizo moyoni kwa kusikiliza, neno baada ya neno.

Hapa pana jambo ambalo wapenzi wake husahau. Siti alianza kazi yake kwa kuimba nyimbo za watu wengine. Alizipokea kutoka kwa wanaume, zikiwa katika lugha isiyokuwa yake, akaziimba kwa namna iliyowafanya wasikilizaji wasahau kwamba mwimbaji ni mchuuzi wa vyungu kutoka Fumba. Kwa hiyo anayezichukua nyimbo za Siti leo na kuziimba upya hakuanzisha jambo geni. Anaifuata njia ile ile aliyoipita mwenyewe.

Kutoka Mtumwa hadi Siti

Polepole aliingia katika kundi la wanamuziki mahiri, wakiwemo Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban. Walikutana nyumbani, wakafanya mazoezi, wakabishana juu ya maneno na mahadhi. Nyumba hiyo ya Ng'ambo iligeuka kuwa baraza ambapo habari za mjini ziliingia zikiwa uvumi na kutoka zikiwa nyimbo.

Alipopata sifa ndipo alipopewa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa sasa aliitwa kwa jina ambalo mabwana waliwatengea wake zao. Si Sultani wala serikali iliyopiga muhuri badiliko hilo. Lilitokana na sauti na kazi.

Mialiko ikawa mingi. Siti aliimba kwenye kasri la Sultani Khalifa bin Harub, na aliimba pia katika arusi na sherehe za watu wa kawaida. Palipotakiwa Kiarabu aliimba Kiarabu. Lakini jambo kubwa alilolifanya, ambalo ndilo lililomweka katika historia, ni kuikabidhi taarab kwa Kiswahili. Mpishi, mpagazi na mjakazi, waliozoea kusimama mlangoni wakisikia mahadhi tu, sasa waliweza kulia na kucheka pamoja na wenye nyumba.

Mti wenye matunda haukosi kupigwa mawe. Wapinzani wake walimtungia maneno ya kejeli, wakimkumbusha kwamba juzi tu alitoka shamba akiwa na nguo duni, na wakimsuta kwamba hana uzuri wa sura. Katika jamii iliyohesabu nasaba na rangi, maneno hayo yalikuwa na sumu. Siti hakuyajibu kwa matusi. Aliyajibu kwa wimbo wenye hoja kwamba sura na nasaba havimfanyi mtu kuwa mtu, na kwamba kipimo cha haki ni akili na utu. Waliomtukana wamesahaulika, ila jibu lake lingali linakumbukwa.

Safari ya Bombay

Mwaka wa 1928 Siti na wenzake walipanda meli hadi Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai, ili kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ya HMV. Hiyo ndiyo kampuni ambayo santuri zake zilikuwa na picha ya mbwa aliyetegea sikio gramafoni. Siti ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki aliyerekodi nyimbo za Kiswahili za kuuzwa madukani. Katika miaka michache iliyofuata, idadi ya nyimbo zilizorekodiwa na kundi hilo ilipita 100.

Ni vyema msomaji wa leo, anayebeba maelfu ya nyimbo katika simu yake, aelewe santuri za wakati ule zilikuwa vitu gani. Zilikuwa sahani nzito, zilizovunjika kama kigae. Kila upande ulibeba takriban dakika tatu za muziki. Wimbo ambao ukumbini ungeweza kuchukua nusu saa, huku wasikilizaji wakiomba beti zirudiwe na kumtuza mwimbaji, ulilazimika kukatwa mkia na kichwa ili uenee kwenye sahani hiyo.

Hata hivyo, santuri ilifanya kazi ambayo mwimbaji peke yake hangeiweza. Iliichukua sauti ya Siti na kuivusha bahari. Wasikilizaji wa Mombasa, Lamu, Tanga na Dar es Salaam, pamoja na wa miji ya bara iliyokuwa na wasemaji wa Kiswahili, waliweza kumsikiliza mtu ambaye hawajawahi kumwona. Mwenye gramafoni hakusikiliza peke yake, kwani majirani na wapita njia walikusanyika. Lugha ya Kiswahili nayo ilipata ushahidi kwamba inafaa kuchapishwa kwenye sahani na kuuzwa sawasawa na Kiarabu na Kihindi.

Mwaka huo huo wa 1928, wapangaji wa Ng'ambo walikuwa katika mgomo, wakikataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Basi sauti iliyokwenda Bombay haikutoka katika kisiwa kilichotulia. Ilitoka katika mtaa uliokuwa unadai haki yake, na nyimbo zenyewe zinaonyesha hivyo.

Nyimbo zilizokuwa gazeti

Si kweli kwamba Siti aliimba mapenzi peke yake. Mapenzi aliyaimba, na aliyaimba kwa ufundi. Lakini yeye na wenzake waliimba pia juu ya kesi mahakamani, wakubwa waliowadhulumu wadogo na wanaume waliowadhalilisha wanawake. Kwa watu wasiojua kusoma, nyimbo hizo ndizo zilizokuwa gazeti, na zilikuwa na sifa moja ambayo magazeti yote hayana: msikilizaji akishazihifadhi haziwezi kupigwa marufuku.

Mfano unaojulikana zaidi ni wimbo wa Kijiti. Unasimulia mkasa wa mwanamke mgeni aliyefika Unguja kutoka bara. Mwanamume aitwaye Kijiti alimchukua kana kwamba wanakwenda kujiburudisha, na mwanamke huyo hakurudi akiwa hai. Kijiti alivuka bahari akatokomea bara. Wimbo unalalamika kwamba mkono wa sheria, badala ya kumfikia muuaji, uliwaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu.

Sisi tunaohariri habari kila siku tunajua ugumu wa kuandika kisa cha namna hiyo. Mwandishi anatakiwa amtaje mtuhumiwa, alieleze tukio, aionyeshe kasoro ya mahakama na asimvunjie heshima marehemu. Mwanamke asiyejua kusoma aliyafanya hayo yote katika beti chache, chini ya serikali ya kikoloni, mbele ya hadhira iliyowajua wahusika kwa majina. Alimtaja mwanamume aliyetenda uovu, akalifanya jina lake kuwa jina la wimbo. Kijiti alinusurika mahakamani lakini hakunusurika midomoni mwa watu. Amehukumiwa kila mara wimbo huo unapoimbwa, kwa miongo kadhaa sasa.

Siku za mwisho

Umri ulipomwelemea, Siti hakuonekana sana jukwaani. Biashara ya santuri nayo ilikuwa imebadilika, na wanamuziki wachanga walikuwa wamejitokeza. Hapo ndipo bahati ilipomletea mgeni ambaye, kwa kipaji chake, alikuwa rika lake ingawa kwa umri angaliweza kuwa mwanawe. Huyo alikuwa Shaaban Robert, mwandishi aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909.

Shaaban Robert alizungumza naye muda mfupi kabla ya kifo chake, akayakusanya masimulizi ya maisha yake na kuyatia katika kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hicho kimesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili. Hebu tafakari tukio hilo: mwandishi mkuu wa lugha yetu aliona kwamba maisha ya mwimbaji asiyejua kusoma yanastahili kuandikwa, wakati ambapo wasifu ulikuwa heshima ya wafalme, mitume na mashekhe.

Siti binti Saad alifariki Julai 8, 1950. Hakuacha hazina ya dhahabu. Aliacha santuri zinazovunjika, wenzake wachache waliozeeka naye, na nyimbo zilizokuwa zimetawanyika katika vichwa vya watu.

Waliozipokea

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Miongoni mwa watoto waliovutwa na sauti ya Siti alikuwako Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Bi Kidude. Huyu alizisikia nyimbo za Siti akiwa mchanga, akazihifadhi kwa masikio kama Siti alivyozihifadhi zile za Kiarabu. Alizibeba maisha yake yote, akaziimba Kijiti na nyinginezo katika majukwaa ya Afrika, Ulaya na Asia. Mwaka wa 2005 alitunukiwa tuzo ya WOMEX, na alipofariki Aprili 17, 2013, alikuwa amezifikisha kwa watu ambao hata hawakujua Unguja iko wapi.

Bi Kidude hakumwiga Siti. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, na ngoma zake zilikuwa za unyago na shamba. Wapo waliolalamika kwamba alizichafua nyimbo za bibi. Lakini alipoimba Kijiti, msikilizaji alijua kwamba kuna mtu amekufa na kwamba haki haikutendeka. Huo ndio uaminifu unaohitajika.

Wengine wamelipokea jina lenyewe. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Vijana wa Zanzibar nao waliunda kundi la Siti and the Band. Kisha akaja kitukuu, Siti Muharam, na albamu ile ya mwaka wa 2020, ambamo udi na ngoma za kale zinakutana na vionjo vya muziki wa kisasa.

Baadhi ya wapenzi wa zamani hawatavipenda vionjo hivyo, na hakuna wa kuwalaumu. Aliyezoea kuisikia sauti ya Siti ikipenya kwenye mikwaruzo ya santuri huona kila pambo jipya ni vumbi. Lakini tukumbuke kwamba hata santuri yenyewe ilikuwa kipande tu cha dakika tatu. Siti kamili, aliyeimba usiku kucha Ng'ambo akibadilisha beti kulingana na waliohudhuria, hakuna mtambo uliomnasa. Tunachokiita wimbo wa asili tayari ni nakala.

Kwa hiyo anayesubiri albamu nyingine ya nyimbo za Siti, na bila shaka zitakuja nyingine, asianze kwa kuuliza kama sauti inafanana na yake au kama udi umepigwa vile vile. Na aulize kama mwimbaji anajua anamwimba nani. Wimbo wa Kijiti ukigeuzwa kuwa mdundo wa kuchezea watalii hotelini, huku mwimbaji na wachezaji hawajui kisa chake, mwanamke yule mgeni atakuwa ameuawa mara ya pili, na mara hii hatakuwapo wa kumlilia.

Ukiimbwa na mtu anayekijua kisa hicho, hata kwa gita la umeme na ngoma za kigeni, basi kazi iliyoanzwa na binti wa mfinyanzi wa Fumba inaendelea. Chungu kikivunjika hakifinyangwi upya, lakini mfinyanzi aliyefunzwa vyema hufinyanga kingine kwa udongo ule ule.